Nyama, Maharagwe na Afya: Habari za Chungu cha Uchaggani



Kuna swali ambalo huulizwa siku hizi shuleni, sokoni, na hata vilabuni: Je, mtu akiacha nyama, akala maharagwe, karanga, soya na vyakula vingine vya shambani badala yake, mwili wake hupata faida au hasara? Wengi hulidhani swali hili kuwa geni, lililoletwa na vitabu vya Ulaya na Marekani. Lakini katika miteremko ya Kilimanjaro jambo lenyewe ni la zamani. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja nyama na maziwa vimekuwa vikipungua katika chungu cha Mchagga, na vitu vingine vikaingia mahali pake. Basi badala ya kubishana kwa maneno matupu, yafaa tuitazame historia, maana yaliyowapata wazee wetu na jirani zetu yana mengi ya kutufundisha.

Funzo lenyewe nitalitaja mapema, ili msomaji alishike njiani: usitazame tu kitu kilichotoka chunguni; tazama pia kilichoingia mahali pake.

CHUNGU CHA ZAMANI

Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Uchaggani mwezi wa Mei mwaka wa 1848, akaiona theluji ya Kibo, alikuta nchi yenye watu wengi na migomba mingi. Kila nyumba ilikuwa na kihamba chake. Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliishi chini ya paa moja na wenyewe. Wanawake waliwaletea majani kutoka mbali kwa kuyachukua kichwani, na samadi ya wanyama ilirudishwa kwenye migomba. Hivyo ng'ombe alimlisha mtu mara mbili: kwa maziwa yake, na kwa mbolea iliyozaa ndizi.

Lakini tusidhani kwamba watu wa zamani walikula nyama kila siku. Ng'ombe alikuwa akiba, alikuwa mahari, alikuwa fidia, alikuwa sadaka. Alichinjwa kwa sababu ya ukoo, na nyama yake ikagawanywa kwa sheria: kila fungu lilikuwa na mwenye haki nalo, kwa kadiri ya umri na udugu, na mafungu ya wanaume hayakuwa sawa na ya wanawake. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi Moshi ya Kale, aliandika kwa urefu juu ya desturi za ukoo katika kitabu chake cha mwaka wa 1926 juu ya sheria za Wachagga. Kadhalika damu ilitolewa katika mshipa wa shingo ya ng'ombe aliye hai, ikanywewa pamoja na maziwa, na mnyama akabaki mzima.

Chakula cha siku zote kilikuwa ndizi. Pamoja nazo palikuwa na maziwa, mboga za majani, na jamii ya kunde. Ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe ndizo kiburu. Zilizopikwa na kuchanganywa na maziwa ndizo kitawa. Na zilizochemshwa pamoja na nyama hata zikawa kama supu nzito ndizo mtori. Mtori ulikuwa kwanza chakula cha mzazi. Mwanamke aliyejifungua aliwekwa ndani muda wa miezi mitatu hivi, akalishwa vizuri kuliko mtu yeyote nyumbani. Wazee hawakuwa na mizani wala vitabu vya elimu ya chakula, lakini walijua ni nani apewe kilicho bora wakati kilicho bora ni haba.

Tena tukumbuke kwamba vitu vingi tuviitavyo vya asili vilikuwa wageni zamani. Mgomba asili yake ni Asia. Maharagwe na mahindi asili yao ni Amerika, vikaja Afrika baada ya merikebu za Wareno kuanza safari zao. Ulezi na kunde ndio wenyeji wa Afrika. Kwa hiyo kubadili vyakula si dhambi wala si ajabu. Wazee wetu walibadili mara nyingi. Neno kubwa ni kujua kama badiliko lile lilijenga au lilibomoa.

SOTOKA NA VITA

Badiliko la kwanza kubwa la nyakati za karibu halikuchaguliwa na mtu. Ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka uliingia Uhabeshi mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka kusini kwa haraka, na mwaka wa 1891 ulikuwa umekwisha kuenea katika nchi za Wamasai. Ng'ombe walikufa kwa wingi usiosemeka. Msafiri Mwaustria Oscar Baumann alipopita upande wa Ngorongoro mwaka wa 1892 aliwakuta Wamasai waliokonda hata kubaki mifupa, wakitafuta chochote cha kula. Watu walioishi kwa mifugo tu hawakuwa na cha kuweka mahali pa maziwa na nyama. Wengine walikimbilia kwa wakulima wa milimani wapate chakula.

Mlimani palikuwa na migomba, kunde na ulezi. Hii ndiyo tofauti iliyookoa roho za watu. Hata hivyo Uchagga nao haukupona hasara. Katika miaka hiyo hiyo Wadachi walipigana na Mangi Sina wa Kibosho mwaka wa 1891, kisha wakamshinda Mangi Meli wa Moshi mwaka wa 1893. Naye Meli alinyongwa mwaka wa 1900. Katika vita vya zamani zile, mifugo ilikuwa nyara ya kwanza kuchukuliwa.

Baadaye ikaja kahawa. Mwaka wa 1925 wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha wapandaji wa kahawa, na fedha ikaanza kuingia vijijini. Faida yake ilikuwa kubwa: karo za shule, mabati, nguo, hospitali. Lakini watu waliongezeka, vihamba viligawanywa kwa wana na wajukuu, na mahali pa malisho pakalimwa. Sensa ya mwaka wa 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Katika nyumba nyingi nyama ilitoka kuwa fungu la ukoo, ikawa kitu cha kununuliwa buchani kwa fedha. Mwenye fedha alinunua. Asiye nazo alipika ndizi au ugali, na maharagwe akiwa nayo.

Sotoka yenyewe haipo tena. Mwaka wa 2011 ilitangazwa duniani kote kwamba imekwisha kabisa. Lakini funzo lake lingali nasi: taifa lenye chakula cha namna moja tu husimama kwa mguu mmoja.

UCHUNGUZI WA JIRANI ZETU

Mwaka wa 1931 ilichapwa habari ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Kenya na madaktari wawili, John Boyd Orr na J. L. Gilks. Walilinganisha Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi na maharagwe. Waliona kwamba mwanamume wa Kimasai kwa wastani alimzidi Mkikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, yaani kilo 10 hivi. Miongoni mwa Wakikuyu waliona zaidi meno mabovu, mifupa iliyopinda na upungufu wa damu. Miongoni mwa Wamasai waliona zaidi kufunga choo na maumivu ya viungo.

Watu wengi waliposikia habari hii walisema, “Nyama imeshinda.” Lakini tusome kwa makini. Kwanza, Mmasai hakuishi kwa nyama. Aliishi hasa kwa maziwa. Pili, makabila hayo mawili hayakutofautiana kwa chakula tu; yalitofautiana pia kwa uzao, kwa kazi na kwa nchi waliyoishi. Tatu, Wakikuyu walikuwa wamekwisha kunyang'anywa sehemu ya ardhi yao, tena walitozwa kodi na wanaume wengi walikwenda kazi za mashamba ya walowezi. Wanahistoria wa baadaye wameonya kwamba huwezi kumchukua mtu aliyepungukiwa ardhi ukasema udhaifu wake umeletwa na maharagwe. Nne, wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi ya namna nyingi yenye chokaa na chuma kuliko waume zao. Basi hata katika nyumba isiyo na nyama, mboga ilikuwa na kazi yake.

MARADHI YA MTOTO ALIYEACHISHWA

Neno lililo zito kuliko yote katika habari hii ni la watoto. Mwaka wa 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu na uso, nywele zao zikabadilika rangi, ngozi ikabambuka, na wengi wakafa. Mwaka wa 1935 aliyataja maradhi hayo kwa jina la wenyeji, ndilo tulitamkalo kwashakoo. Kwa lugha ya Waga jina hilo lahusu mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Watoto wale walikuwa wakipewa uji wa mahindi karibu peke yake.

Nchi za ndizi nazo ziliyajua maradhi haya. Huko Uganda, daktari Hugh Trowell na wenzake katika hospitali ya Mulago waliyachunguza kwa miaka mingi miongoni mwa watoto waliolishwa matoke. Sababu yaeleweka kwa hesabu ndogo. Gramu 100 za ndizi zina protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kama gramu 1 tu. Tumbo la mtoto ni dogo. Hujaa ndizi kabla mwili haujapata cha kujengea. Leo madaktari wajua kwamba kwashakoo ina sababu zaidi ya upungufu wa protini peke yake, mathalani maradhi ya kuhara na surua. Lakini chakula duni cha mtoto aliyeachishwa kingali mlango wake mkubwa.

Sasa tazameni dawa yake. Katika miaka ya 1960 ilianzishwa huko Mulago nyumba ya kufundishia akina mama, iitwayo Mwanamugimu. Mama hakuambiwa, “Nenda ukanunue nyama,” maana wengi hawakuwa na fedha. Alifundishwa kuchanganya katika chakula cha mtoto maharagwe au karanga zilizopondwa, na maziwa, yai au samaki kidogo apatapo, pamoja na mboga za majani, na vyote kupikwa pamoja mpaka vilainike. Watoto walinyanyuka. Basi kilichowaumiza watoto hakikuwa kukosa nyama tu. Kilichowaumiza ni kwamba mahali pa maziwa na nyama paliwekwa ndizi tupu au uji mtupu. Na palipowekwa maharagwe na karanga, mwili ulipata cha kujengea.

KAZI YA MAHARAGWE NA MIPAKA YAKE

Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini gramu 21 hivi. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikiwa mbichi, ina gramu 20 hivi. Lakini maharagwe hunywa maji yakipikwa, na gramu 100 za yaliyoiva zina gramu 9 tu. Kwa hiyo kijiko kimoja juu ya mlima wa ugali hakitoshi, yataka bakuli.

Tena protini ni kama nyumba iliyojengwa kwa matofali ya namna nyingi. Maharagwe yana namna moja kwa wingi ambayo mahindi yamepungukiwa, na mahindi yana nyingine ambayo maharagwe yamepungukiwa. Vikiliwa pamoja hukamilishana. Aliyebuni makande hakujua habari hizi, lakini alifanya sawasawa na elimu ya leo.

Mipaka ipo, nayo tuiseme wazi. Kwanza, chuma kilicho katika maharagwe na majani hakiingii damuni kwa wepesi kama kilicho katika nyama. Chungwa, ndimu, nyanya au embe likiliwa pamoja na chakula husaidia. Chai ya rangi ikinywewa papo hapo huzuia. Mwanamke mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wa kwanza kupungukiwa damu. Pili, kuna vitamini iitwayo B12, ambayo maharagwe, ndizi na mboga havina. Hupatikana katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Mtu aachaye nyama huku akinywa maziwa na kula mayai yu salama. Aachaye vyote pia sharti apate vitamini hiyo kwa vidonge au vyakula vilivyotiwa, la sivyo baada ya muda damu na mishipa ya fahamu huharibika. Tatu, maharagwe yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Yachemshwe kwa nguvu mpaka yaive kweli.

Na hapa kwetu kaskazini kuna jambo la magadi. Wengi huyatia chunguni ili maharagwe yaive upesi. Lakini magadi huua sehemu ya vitamini B1, tena magadi ya huku mara nyingi yana madini ya floraidi kwa wingi, yale yale yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Ni afadhali kuloweka maharagwe usiku kucha, kumwaga yale maji, na kupika kwa maji mengine.

WALIOACHA NYAMA KWA HIARI

Wako walioacha nyama si kwa umaskini bali kwa imani. Mwaka wa 1903 wamisionari wa Waadventista wa Sabato walifika Giti katika milima ya Upare, jirani zetu wa kusini. Kanisa hilo huwasifia waumini wake chakula cha mimea, ingawa si wote waishikao kanuni hiyo. Huko Marekani daktari wao J. H. Kellogg alikuwa amekwisha kutengeneza, kabla ya mwaka wa 1900, vyakula vya karanga na ngano vya kushika nafasi ya nyama. Tangu mwaka wa 1958 wataalamu wa Loma Linda, California, wamewafuata maelfu ya Waadventista, wakaona kwamba wale wasiokula nyama kwa jumla hupata kidogo zaidi maradhi ya moyo na kisukari. Lakini watu hao pia aghalabu hawavuti tumbako wala hawanywi pombe, na mahali pa nyama huweka karanga, kunde, matunda na mboga. Kwa mara nyingine, kilichoingia chunguni ndicho kilichofanya kazi.

Kadhalika vyakula vya viwandani vya siku hizi vinavyofanywa vifanane na nyama si sawa vyote. Vingine vina chumvi nyingi mno. Mnunuzi asome karatasi iliyobandikwa, asiridhike na jina tu.

SOSEJI MAHALI PA KIBURU

Wakati sisi twauliza kama maharagwe yaweza kushika nafasi ya nyama, mjini Moshi badiliko la kinyume limekwisha kuanza: nyama ya kiwandani, chipsi na mkate mweupe vinashika nafasi ya kiburu na mboga. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni, kwa kinywa cha idara yake ya uchunguzi wa saratani, lilitangaza kwamba nyama zilizotiwa chumvi, moshi au dawa za kuhifadhi, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana. Gramu 50 kila siku huongeza hatari hiyo kwa sehemu 18 katika 100. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika daraja la pili, yaani yaelekea kuleta saratani.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2025 jarida la Nature Medicine lilichapa jaribio lililofanywa hapa hapa kwetu na wataalamu wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea vyakula vya asili vya kijijini walipewa vyakula vya kizungu kwa muda wa majuma mawili. Waliozoea vyakula vya mjini walipewa vya asili, mathalani kiburu, maharagwe na mboga za majani. Wengine walipewa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa juma moja. Wale waliohamia vyakula vya kizungu damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, yaani askari wa mwili hukaa vitani ingawa adui hayupo, na nguvu yao ya kupambana na vijidudu ikapungua. Wale waliorudia vyakula vya asili dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata majuma manne baadaye. Ni kweli kwamba jaribio lilikuwa la wanaume tu na la siku chache. Wala mtu asilifanye kuwa ruhusa ya ulevi. Lakini kwa majuma mawili tu damu ya vijana wazima iligeuka kwa sababu ya kilichowekwa sahanini. Hilo si jambo dogo.

MWISHO WA MANENO

Basi, wasikilizaji na wasomaji, historia imetoa hukumu yake. Nyama ikitoka na ndizi tupu ikaingia, mtoto huvimba. Nyama ikitoka na maharagwe, maziwa, yai na mboga vikaingia, mwili husimama. Na kiburu kikitoka na soseji ikaingia, hasara yaingia pamoja nayo, hata kama mlaji ajiona ameendelea.

Kwa hiyo nyama iliyopatikana kwa shida, au dagaa, au samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, vigawanywe upya: mama mjamzito, mzazi na mtoto aliyeachishwa ziwa wapate kwanza, kisha watu wazima. Mafungu ya ukoo yalifuata heshima. Mafungu ya nyumbani yafuate haja ya mwili. Maharagwe yapikwe mengi, yaliwe pamoja na nafaka, mboga na tunda. Na mwanafunzi atakayerudi nyumbani leo jioni, kabla ya kuuliza kama kuna nyama, na afunue chungu atazame ni nini kilichowekwa kwa ajili ya mdogo wake.